Kidahizo Friedhof: uchambuzi wa kisa cha asili ya neno iliyosahihishwa mara mbili

Usuli

Kisa hiki kinahusu kamusi ndogo ya Kijerumani na Kiswahili iliyokusanywa na watu watano wa kujitolea, watatu tukiwa katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania na wawili wakiishi kusini mwa Ujerumani, kwa ajili ya vijana wanaojifunza Kijerumani kabla ya kwenda huko kusomea uuguzi na kazi za ufundi. Mimi nilikuwa mhariri wake. Majina ya wahusika, ya miji na ya darasa lililokuwa likiitumia kamusi yameondolewa, na pale ambapo jambo dogo lingeweza kumtambulisha mtu nimelibadilisha bila kuigusa hoja.

Kila kidahizo kilikuwa na sehemu nne: neno lenyewe pamoja na jinsi yake ya kisarufi, maana kwa Kiswahili, mfano wa sentensi, na mstari mmoja tulioupa jina la "asili". Mstari huo wa nne tuliuweka kwa sababu tuliona namna wanafunzi wanavyochangamka wanapoambiwa neno limetoka wapi. Mwanafunzi akigundua kwamba shule ni Schule, na kwamba hela anayoitia mfukoni kila siku ni Heller, sarafu iliyotumika Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu mwaka 1904, Kijerumani huacha kuwa lugha ya watu wa mbali. Tukataka furaha hiyo iwepo katika kila ukurasa.

Tena Kijerumani chenyewe hushawishi. Ni lugha inayojenga maneno kwa kuyaambatanisha, na mara nyingi maana ya neno zima huonekana wazi katika vipande vyake. Krankenhaus ni nyumba ya wagonjwa, Wörterbuch ni kitabu cha maneno, Kühlschrank ni kabati la kupoza. Neno la mwisho ndilo linalobeba jinsi na maana kuu, na yaliyolitangulia hulieleza tu, kinyume cha Kiswahili ambacho hutanguliza jambo lenyewe na kulifuatisha maelezo. Tulimfundisha mwanafunzi alikate neno, asome kutoka nyuma, apate maana. Kwa maneno mengi mafunzo hayo yanafaa kabisa.

Kidahizo kilichozaa kisa hiki kilisomeka hivi katika chapa ya kwanza: "Friedhof, der. Makaburi, mava, maziara. Asili: Friede, amani, na Hof, ua au uwanja, yaani uwanja wa amani." Mwenzetu aliyekiandika hakukitunga ovyo. Wajerumani wengi wenyewe wangelieleza neno hilo vivyo hivyo, na maneno Ruhe in Frieden, yaani pumzika kwa amani, yamechorwa juu ya mawe ya makaburi yao. Hata kwetu, Mwislamu apitapo mavani huwatolea salamu waliolala humo, na ndani ya salamu hiyo mna amani. Nilikisoma kidahizo hicho, kikanipendeza, nikakipitisha. Sikufungua kamusi yoyote ya asili ya maneno kabla ya kukipitisha, na kosa hilo ni langu, si la mwandishi wake.

Yaliyotokea

Miezi kadhaa baadaye kijana mmoja aliyekuwa amemaliza darasa letu na kwenda Ujerumani kusomea ufundi alinitumia ujumbe. Binamu yake, anayepanga nyumba katika mji mdogo, alikuwa amepokea barua ya mwenye nyumba iliyotaja "Einfriedung des Grundstücks", na kwa kuwa kijana ndiye aliyekuwa amesomea Kijerumani katika ukoo, akaombwa aieleze. Alifanya kama tulivyomfundisha. Akalikata neno: ein- akalichukua kuwa kuingia, Fried akalichukua kuwa amani, -ung akajua ni kiishio cha kuunda nomino. Akapata "kuingia katika amani", akamwambia binamu yake kwamba mwenye nyumba anataka mapatano kuhusu kiwanja, labda na jirani, na kwamba hapana jambo la kufanya ila kusubiri.

Einfriedung ni uzio. Barua ilisema kwamba uzio wa kiwanja utatengenezwa upya siku fulani, na kwamba mpangaji aondoe vitu vyake vyote vilivyoegemezwa humo. Mafundi walipofika walikuta baiskeli mbili na kibanda cha kuni vimeuzuia, wakarudi bila kugusa kitu, na mwenye nyumba akaandika barua ya pili yenye maneno makali. Ujumbe wa kijana ulianza kwa "Shikamoo mwalimu" na ukaishia kwa swali ambalo nimelibandika mezani kwangu hadi leo: "Kamusi yetu inasema Fried ni amani. Sasa ua umeingiaje hapa?"

Jioni hiyo hiyo nilifungua kamusi ya Kijerumani nikakuta kitenzi einfrieden, kuzungushia uzio. Nikaona nimepata ufunguo wa mlango wote. Ikiwa einfrieden ni kuzungushia uzio, na Hof ni ua, basi Friedhof si uwanja wa amani bali ni ua uliozungushiwa uzio, na ukitazama makaburi ya Ulaya yenye kuta zake na malango yake maana hiyo inakaa sawasawa. Nikaandika sahihisho usiku ule, nikalituma kwa wenzangu na kwa darasa zima. Nilimwomba radhi kijana, nikalala nikiwa nimeridhika.

Wiki tatu zilipita. Mwenzetu mmoja, dada anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Bavaria, alihudhuria mazishi ya mzee aliyekuwa akimhudumia. Baada ya ibada, mjane wa marehemu alimwambia, kwa lahaja ya pale, kwamba sasa mume wake amelala katika Freithof pamoja na wazazi wake. Dada alidhani amesikia vibaya. Akamwomba bibi alirudie neno hilo, bibi akalirudia. Kisha, alipoona bado anashangaa, akachukua kalamu akaliandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada kwa mwandiko wa kizamani wenye herufi zilizoinama: Freithof. Dada aliipiga picha karatasi ile akatutumia, na chini yake akaandika: "Jamani, huyu bibi anasema uwanja huru? Maana frei ni huru. Au ni ulimi wa uzee?"

Mmoja wetu alijibu upesi kuwa ni lafudhi tu ya kijijini na kwamba hatuna haja ya kuishughulikia. Mwingine, mzaliwa wa Mombasa, alikataa. Alisema kwao watu husema mtanga, na nti, na kuteka, pale ambapo mtu wa Unguja husema mchanga, nchi na kucheka, na hakuna hata mmoja kati yao anayekosea. T ya huku na ch ya kule zina utaratibu wake, na anayezidharau hawezi kujua neno limetembea njia gani. Akauliza kama katika Kijerumani nako ei ya bibi na ie ya kamusi zina utaratibu. Swali hilo ndilo lililogeuza kazi yetu yote.

Tulichokikuta

Tulikaa na kamusi za asili ya maneno ya Kijerumani kwa muda wa wiki mbili. Hapa nitaeleza kwa urefu, kwa sababu bila kuelewa sauti hizi msomaji atabaki kuamini tu kwa kuwa ameambiwa.

Kijerumani cha Juu cha Kale, katika karne ya 9, kilikuwa na neno frīthof, na irabu yake ya kwanza ilikuwa i ndefu. Halikuwa na maana ya makaburi. Lilikuwa jina la ua wa mbele wa jengo, eneo lililozungushiwa. Baadaye, katika Kijerumani cha Juu cha Kati, neno vrīthof likawa ndilo jina la ua uliozunguka kanisa, na kwa kuwa Wakristo wa zama hizo waliwazika maiti wao karibu na kanisa, ua huo ukawa ndio mahali pa maziko. Kwa hiyo maana ya makaburi haikuletwa na kipande chochote cha neno. Ililetwa na desturi ya watu.

Neno la amani, kwa upande wake, lilikuwa vride, nalo lilikuwa na i fupi. Hapo ndipo penye fundo. Kuanzia karne ya 12, upande wa kusini-mashariki wa eneo la Kijerumani, i ndefu za zamani zilianza kutamkwa ei, na badiliko hilo likaenea kuelekea kaskazini na magharibi kwa karne kadhaa. Mîn ikawa mein, "yangu". Zît ikawa Zeit, "wakati". Wîn ikawa Wein, "mvinyo". Îs ikawa Eis, "barafu". Halikuchagua neno zuri na kuliacha baya; lilizikumba i ndefu zote zilizokuwepo. I fupi ya vride haikuguswa kwa sababu haikuwa ndefu, kisha ilipokuja kurefushwa baadaye, ikaandikwa ie na kutupatia Friede ya leo, badiliko la ei lilikuwa limekwisha kupita.

Sasa msomaji ajaribu mwenyewe. Neno vrīthof lenye i ndefu, likifuata njia ile ile iliyofuatwa na zît na wîn, litafika wapi? Litafika Freithof. Ndilo neno la bibi. Aliyelitamka mbele ya kaburi la mume wake alikuwa ametamka umbo ambalo kanuni ya sauti inalidai, na lililo nje ya kanuni ni hili la kamusi, Friedhof. Kama neno lingetokana na amani tangu mwanzo, hapana njia ambayo Freithof ingeweza kuzaliwa.

Shahidi wa tatu tulimkuta Uholanzi. Katika mji wa Maastricht kuna uwanja mkubwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Servatius uitwao Vrijthof. Kiholanzi nacho kiligeuza i ndefu za zamani, kikaziandika ij: tijd ni wakati, wijn ni mvinyo, ijs ni barafu. Vrijthof na Freithof ni ndugu wawili waliolelewa nyumba mbili, na mama yao ni mmoja mwenye i ndefu. Inafaa kutazama pia kwamba sikio la Mholanzi wa leo husikia humo vrij, yaani huru, kama vile dada yetu alivyosikia frei.

Kipande cha kwanza basi kilikuwa nini? Kilitokana na kitenzi frīten, kilichokuwa na maana ya kutunza, kuhifadhi, kukienzi kitu. Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu ya Kijerumani na ambayo tunaijua hasa kwa tafsiri ya Biblia ya Wulfila ya karne ya 4, kina freidjan, kumwachilia mtu asidhurike. Na katika maandishi ya Kigothi ei ndiyo namna ya kuandika i ndefu. Frīthof ni ua unaohifadhiwa. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu neno letu "ua" hubeba mambo yote mawili kwa pamoja, uzio na eneo lililomo ndani yake, na sidhani kama kuna lugha inayoweza kulitafsiri neno hilo la kale kwa wepesi zaidi.

Hivyo sahihisho langu la kwanza nalo halikuwa sahihi. Einfrieden ni mtoto wa vride, lile lenye i fupi, ambalo katika zama za kati halikumaanisha amani ya moyoni tu bali pia ulinzi, na hata eneo lililozungushiwa kwa ajili ya ulinzi huo. Maana yake inakaribiana mno na ya frīten, na kwa maana nilikuwa nimekaribia ukweli kuliko kidahizo cha kwanza. Lakini neno nililolitaja kuwa mzazi wa Friedhof halikuwa mzazi wake. Nilikuwa nimemtoa mtoto kwa jirani mmoja nikampeleka kwa jirani wa pili.

Tulipozidi kurudi nyuma tulikuta jambo ambalo hatukulitarajia. Frīten na Friede, ukizifuata hadi kwenye mizizi ya kale kabisa ya familia hiyo ya lugha, hukutana. Mzizi wenyewe ulihusu kupenda, kumhesabu mtu kuwa mpenzi na wa kwako. Humo ndimo walimotoka Freund, rafiki, freien, kuposa, frei, huru, kwa maana ya kwanza ya mtu wa ukoo wako na si mtumwa, na Sanskriti, lugha ya kale ya India, upande wa pili wa familia, ina priya, mpenzi. Amani tuliyoitoa mlangoni ilikuwa ndugu wa mbali wa mwenye nyumba.

Maamuzi na sababu zake

Mapendekezo yalikuwa matatu. Wawili kati yetu walitaka mstari wa asili ufutwe katika kamusi nzima, wakisema kwamba anayejifunza kuuguza wagonjwa hahitaji Kigothi. Mmoja alitaka "uwanja wa amani" ubaki, kwa kuwa ndivyo Wajerumani wanavyolisikia neno lao, na lugha ni ya wanaoizungumza. Dada wa Bavaria na mimi tulitaka asili ya kweli iandikwe na ya uongo iondolewe.

Hoja ya yule aliyetaka amani ibaki ndiyo iliyonibadilisha. Alinikumbusha kwamba kitenzi frīten kilikufa. Kilipotoweka katika vinywa vya watu, kipande cha kwanza cha neno kikawa yatima. Hapakuwa tena na mzungumzaji aliyejua frīt ni nini. Kandokando yake lilikuwapo Friede, linalofanana nalo kwa sauti, na mahali penyewe palikuwa pa utulivu, ndani ya ukuta ambamo, kwa sheria za kanisa za zama za kati, mtu aliyekimbilia hakutakiwa kukamatwa kwa nguvu. Watu walilipatia neno mzazi mpya, na mzazi huyo ndiye aliyelilea. Kusikia amani ndani ya Friedhof leo si ujinga. Ni sehemu ya historia ya neno, na ndiyo sababu linaandikwa Fried na si Freit.

Tukakubaliana kukitunga upya kidahizo hivi: "Friedhof, der. Makaburi, mava, maziara. Asili: frīthof, ua unaohifadhiwa, kutokana na kitenzi cha kale cha kutunza na kuhifadhi, kilipotoweka, watu wakakisikia kipande cha kwanza kama Friede, amani, na tahajia ikafuata. Kusini husikika pia Freithof." Einfriedung, uzio wa kiwanja, ikapewa kidahizo chake yenyewe pamoja na mfano wa sentensi kutoka katika barua ya mwenye nyumba.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuugawa ule mstari wa nne. Tuliona kwamba tulikuwa tumechanganya kazi mbili ndani ya jina moja. Ipo kazi ya kumsaidia mtu akumbuke, na ipo kazi ya kumweleza neno lilitoka wapi, na ya kwanza haihitaji kuwa kweli ya kihistoria ili ifae. Sasa kuna "kumbuka hivi" na kuna "asili", na mstari wa asili huachwa mtupu mpaka umbo la kale la neno limeonekana katika kamusi mbili za asili ya maneno.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuyapitia maneno ambatani yote yaliyokwisha kuandikwa. Fuko, kwa Kijerumani, ni Maulwurf, na tulikuwa tumeandika kwamba ni mnyama anayerusha udongo kwa mdomo, kwa sababu Maul ni mdomo wa mnyama. Katika Kijerumani cha Juu cha Kati aliitwa moltwerf, mrusha udongo, na molte iliposahaulika ndipo mdomo ulipoingia. Gharika ya Nuhu ni Sintflut, ambayo kwa karne nyingi watu waliiandika Sündflut, gharika ya dhambi, ilhali sin- ya kale ilimaanisha kitu cha daima na cha kuenea pote. Machela ni Hängematte, inayoonekana wazi kabisa kuwa mkeka wa kuning'inia, kumbe ni hamaca ya wenyeji wa visiwa vya Karibi iliyopita katika Kihispania na Kiholanzi kabla ya kufika Ujerumani.

Matokeo

Chapa mpya ilitoka na ndiyo inayotumika sasa darasani. Kijana wa kwanza aliisoma na kuandika kwamba sasa ameelewa ua uliingiaje. Binamu yake alisuluhishwa na mwenye nyumba baada ya kuomba radhi na kueleza kwamba barua ilikuwa imetafsiriwa vibaya. Uzio ulitengenezwa kwa siku nyingine.

Dada alirudi kwa bibi akamsomea kidahizo, akimtafsiria Kiswahili kwa Kijerumani neno kwa neno. Bibi alimwambia kwamba alipokuwa mtoto aliandika Freithof katika insha, mwalimu akalipigia mstari kwa wino mwekundu na kumwambia kuwa hiyo si lugha. Akaomba ukurasa ule achapiwe, akauweka ndani ya kitabu chake cha sala pamoja na ile karatasi ya ratiba ya ibada.

Si kila kitu kilirekebika. Nakala za chapa ya kwanza bado zinazunguka, na sahihisho langu la usiku ule, lile la einfrieden, limenakiliwa na wanafunzi wengine katika madaftari ambayo siwezi kuyafikia. Walimu wawili walilalamika kwamba kidahizo kimekuwa kirefu mno kwa anayeanza. Wana haki, na kwao tumeweka alama inayoonyesha kuwa mstari wa asili unaweza kurukwa.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilitokana na imani kwamba neno linaloonekana wazi ni neno lililo wazi. Ili nilieleze kwa mfano wa kwetu: mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na kitabu na vitabu baada ya kiti na viti, ana kila sababu ya kudhani kwamba ki- ni kiambishi na kwamba ndani yake mmebaki tabu. Angeweza hata kutunga maelezo ya kuvutia kuhusu taabu ya kusoma. Lakini neno ni la Kiarabu, kitāb, na k yake ni konsonanti ya mzizi, haina uhusiano na ngeli zetu. Ni sisi tulioisikia kama ki- yetu tukaunda vitabu. Vivyo hivyo kipilefti, maneno ya Kiingereza yanayomwamuru dereva ashike kushoto, leo yana wingi wake, vipilefti. Kilichofanyika kwa vrīthof ndicho tunachokifanya sisi, na kwa sababu hiyo nilipaswa kukitambua mapema.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu lilifanywa na mtu aliyekwisha kuonywa. Niliposikia kilio cha kijana nilitafuta maana nyingine inayofaa, nikaipata, nikaishika. Sikuuliza swali lolote kuhusu sauti. Maana mbili zinaweza kufaa mahali pamoja, na hata tatu. Amani inafaa makaburini, uzio unafaa, uhuru wa roho ungefaa pia kama mtu angetaka kuuhubiri. Sauti hazina ukarimu wa namna hiyo. I ndefu ya vrīthof haiwezi kutoka katika i fupi ya vride hata tungetamani kiasi gani, na kama ningelijua hilo usiku ule, ujumbe wangu kwa darasa ungesubiri. Haraka yangu ilitokana na aibu mbele ya mwanafunzi, na aibu si sababu ya kutosha ya kuchapisha.

Kilichofanikiwa kilianzia nje ya kamusi. Bila karatasi ya bibi tungebaki na einfrieden mpaka leo, maana hakuna aliyekuwa amelalamika. Na karatasi yenyewe isingefaa kitu kama mwenzetu wa Mombasa asingekuwa amelelewa katika lahaja ambayo nayo huambiwa mara kwa mara kuwa si sanifu. Yeye hakujua zaidi yetu kuhusu Kijerumani. Alichokijua ni kwamba tofauti kati ya lahaja mbili ni ushahidi. Katika mikutano iliyofuata tumemwomba kila mwenzetu aliyeko Ujerumani alete maneno anayoyasikia jikoni, kwenye basi na wodini, hata yale yanayosahihishwa na walimu.

Jambo moja tulilichelewa na lingetusaidia mapema: kulilinganisha neno na maneno mengine ya maana hiyo hiyo. Kijerumani kina Kirchhof, ua wa kanisa, ambalo vipande vyake ni kweli tupu. Kina pia Gottesacker, shamba la Mungu, jina linalotumiwa hasa na Wamoravian wa Herrnhut, wale wale ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891; kwao maiti ni mbegu iliyopandwa ikisubiri kuchipua, kama asemavyo Mtume Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Ukiyaweka matatu hayo pamoja unaona kwamba Kirchhof hutaja mahali, Gottesacker hutaja imani, na Friedhof, katika umbo lake la kale, lilitaja ukuta tu. Mwandishi wa kidahizo angejiuliza kwa nini jina la ua wa mbele wa jengo lolote lingebeba amani ya wafu, na mashaka yangeanzia hapo.

Limebaki shauri moja ambalo hatujalimaliza. Dada wa Bavaria anataka kidahizo kiseme kwamba frīten na Friede ni ndugu wa mbali kwa mzizi wa kupenda, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa bibi alifurahi sana kulisikia. Mimi napinga. Naogopa kwamba mwanafunzi atasoma neno "ndugu" na kurudi moja kwa moja kwenye uwanja wa amani, halafu barua nyingine ya uzio itasomwa kama barua ya mapatano. Yeye hujibu kwamba kuficha ukweli wa mbali ili kulinda ukweli wa karibu si kazi ya kamusi. Katika chapa ya sasa sentensi hiyo haimo, na ameniwekea nakala yake pembeni ya rasimu ya chapa ijayo, kwa kalamu ya risasi.